Kinga Haiuzwi kwa Mkebe

Jumatatu baada ya marathoni yoyote kubwa Nairobi, fungua grupu ya WhatsApp ya wakimbiaji uone. Mmoja koo linawasha. Mwingine pua inatiririka. Wa tatu sauti imeenda kabisa, anatuma emoji tu. Halafu, kabla saa nne haijafika, kuna mtu atatuma picha ya mkebe. Ati ungekunywa hii wiki mbili kabla ya mbio, hungeugua. Chini ya picha kuna bei, na chini ya bei kuna namba ya M-Pesa.

Mimi nina ugomvi na huo mkebe. Nina ugomvi na kocha wa jimu anayeuuza huku akijiita mtaalamu wa lishe, na rafu nzima ya kemisti inayosema "immune" kwa herufi kubwa za kijani. Biashara ya saplimenti za kinga kwa watu wanaopiga tizi kali imejengwa juu ya ukweli mdogo uliovutwa mpaka ukakatika. Wanaolipia ni makundi mawili. Kuna sisi wa mjini, ambao tunapoteza pesa. Halafu kuna wanariadha wa kulipwa, ambao wanaweza kupoteza kazi, jina na miaka yao bora. Hao wa pili ndio wananikera roho, na nitawafikia. Lakini tuanze na huo ukweli mdogo, kwa sababu upo, na mtu akitaka kupinga uongo lazima kwanza akubali pale unaposhikilia.

Mwaka 1983 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha matokeo kuhusu wakimbiaji wa Two Oceans, zile mbio za kilomita 56 pale Cape Town. Katika wiki mbili baada ya mbio, theluthi moja ya wakimbiaji waliripoti dalili za homa ya pua na koo. Miongoni mwa watu walioishi nao nyumba moja lakini hawakukimbia, walikuwa asilimia 15 hivi. Kisha David Nieman, mtafiti Mmarekani, akawafuata wakimbiaji zaidi ya 2,300 wa Marathoni ya Los Angeles ya 1987. Wiki moja baada ya mbio, asilimia 12.9 ya waliokimbia walisema wameugua. Kati ya wakimbiaji wa kiwango sawa ambao walijiandikisha lakini hawakukimbia, ilikuwa asilimia 2.2.

Namba hizo si mchezo. Maabara nazo zikaongeza chumvi. Ukimtoa mtu damu wakati anakimbia, seli nyeupe zinakuwa zimejaa. Ukimtoa damu saa moja au mbili baada ya kumaliza, baadhi ya seli hizo, hasa limfositi, zimeshuka chini ya pale zilipokuwa kabla hajaanza. Wanasayansi wakaunganisha mambo hayo mawili na kuzaa picha tamu sana: dirisha wazi. Ati ukimaliza mazoezi makali, kinga yako hufungua dirisha kwa saa kadhaa, na virusi huingia kama wezi.

Picha tamu huuza. Dirisha likiwa wazi, lazima kuwe na mtu wa kukuuzia pazia.

Shida ni kwamba picha hiyo ilikuwa na matundu tangu mwanzo. Tundu la kwanza: watu wale waliulizwa tu kama wameugua. Hakuna aliyepimwa kama kweli ana virusi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulipowapima wanariadha na watu wengine waliokuwa na dalili, vijidudu vilipatikana katika matukio 11 tu kati ya 37. Yaani mara nyingi koo linalowasha lilikuwa koo linalowasha tu, si maambukizi. Na hilo mkimbiaji wa Nairobi analijua bila shahada. Ukipumua kwa mdomo wazi saa nne kando ya barabara ya magari, umemeza vumbi, moshi wa dizeli na hewa kavu ya asubuhi. Koo lisipowasha ndio uulize maswali.

Tundu la pili: zile seli zilizopotea kwenye damu hazikufa. Mwaka 2018 John Campbell na James Turner wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walipitia ushahidi wote na kueleza vile mambo yalivyo. Mazoezi makali huzitoa seli za kinga kwenye damu na kuzipeleka kazini: kwenye mapafu, kwenye utumbo, mahali ambapo adui ana uwezekano wa kuingilia. Kuhesabu seli kwenye damu baada ya mbio na kusema kinga imeporomoka ni kama kwenda kituo cha polisi usiku, ukakuta maaskari wachache, ukatangaza kwamba nchi haina polisi. Boss, wako doria.

Tundu la tatu ni kubwa kuliko yote, na halihitaji maabara. Siku ya marathoni si siku ya kukimbia tu. Ni usiku wa kutolala kwa wasiwasi. Ni kuamka saa tisa. Ni kusafiri kutoka Kisumu au Mombasa kwa basi lililofungwa madirisha. Ni kusimama mwanzoni mwa mbio na maelfu ya watu wanaokohoa na kutema, kisha kushika chupa na vikombe vilivyoshikwa na kila mtu, kisha kukumbatiana na kupiga selfi. Mtu akifanya hayo yote bila kukimbia hata hatua moja, bado ana nafasi nzuri ya kupata homa.

Nitakuwa mkweli: mjadala haujafungwa. Mwaka 2020 wataalamu wa pande zote mbili, Nieman na Turner wakiwemo, waliandika makala moja pamoja wakiweka hoja zao ubavu kwa ubavu, na hawakukubaliana kila kitu. Lakini angalia walichokubaliana: mtu anapougua baada ya mazoezi makali, mambo mengi huchangia, kuanzia usingizi na msongo wa mawazo hadi safari na lishe duni. Hayo ndiyo maneno ya wanasayansi. Kwenye mkebe hayamo. Kwenye mkebe kuna ngao iliyochorwa na mtu mwenye misuli.

Sasa tuongee kuhusu lugha, maana hapa ndipo wanapotupiga.

Soma mkebe wowote vizuri. Hausemi unazuia homa. Unasema "husaidia mfumo wa kinga". Hicho kitenzi hakikuchaguliwa na mshairi, kilichaguliwa na wakili. Marekani, ambako nyingi ya bidhaa hizi na tabia zake zilianzia, sheria ya mwaka 1994 iliruhusu saplimenti kuuzwa bila kampuni kuthibitisha kwanza kwa serikali kwamba zinafanya kazi. Sharti ni kwamba usiseme inatibu au kuzuia ugonjwa. Sema tu "inasaidia". Ukisema "inazuia mafua", umejipeleka kwenye sheria ya dawa na utaulizwa ushahidi. Ukisema "inasaidia kinga", uko huru kama ndege. Maji pia husaidia kinga. Kunawa mikono husaidia kinga. Mama yako akikuambia uvae sweta anasaidia kinga, na hajawahi kukutumia namba ya Till.

Halafu kuna lile neno lingine wanalolipenda: kuongeza kinga. "Boost", wanasema, kana kwamba kinga ni volyumu ya redio na afya ni kuipandisha mpaka mwisho. Lakini waulize wenye pumu. Waulize wenye lupus, au yule rafiki yako ambaye akila njugu uso unafura. Hao hawana upungufu wa kinga. Wana kinga iliyowaka mahali pasipofaa. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga ya methali hiyo ni kijinga cha moto, sawa, lakini mwilini pia ndivyo ilivyo: kuvimba, joto, maumivu, yote ni moto wa kinga ukifanya kazi. Moto huo unatakiwa uwake panapohitajika na uzimike ukimaliza. Mtu anayekuahidi kuuongeza tu, bila kukuambia wapi na hadi lini, hajui anachouza. Au anajua, na hiyo ni mbaya zaidi.

Haya, tuingie kwenye rafu yenyewe.

Vitamini C ndiyo mfalme, na ufalme wake una historia. Linus Pauling alikuwa mwanakemia mkubwa, mshindi wa Nobeli mara mbili, ya kemia mwaka 1954 na ya amani mwaka 1962. Mwaka 1970 akaandika kitabu akisema dozi kubwa za vitamini C zingeshinda mafua. Dunia ikanunua tembe kwa sababu ya jina lake. Tangu hapo majaribio mengi yamefanywa, na mwaka 2013 wachunguzi wa Cochrane waliyajumlisha. Kwa watu wa kawaida, majaribio 29 yenye washiriki zaidi ya 11,000 yalionyesha kwamba kumeza vitamini C kila siku hakupunguzi idadi ya watu wanaopata mafua. Kunafupisha ugonjwa kidogo tu. Na ukianza kumeza baada ya kuanza kuugua, ile tabia yetu ya kukimbilia tembe tukipiga chafya ya kwanza, hakuna faida ya kutegemewa iliyoonekana.

Lakini wauzaji wana karata moja nzuri, na sitaificha. Katika uchunguzi huohuo kulikuwa na majaribio matano, yenye watu 598, ambapo vitamini C ilipunguza mafua kwa karibu nusu. Jaribio moja lilihusu wakimbiaji wa Comrades, mbio za kilomita 90 hivi kati ya Durban na Pietermaritzburg. Waliomeza miligramu 600 kwa siku waliripoti dalili kwa asilimia 33. Waliomeza kidonge kitupu, asilimia 68. Hiyo ni tofauti kubwa.

Sasa uliza: hao 598 walikuwa nani? Wakimbiaji wa marathoni na mbio ndefu zaidi, wanafunzi wa Uswisi kwenye kambi ya kuteleza thelujini, na wanajeshi wa Canada kwenye mazoezi ya baridi kali. Wewe unakimbia kilomita tano Karura Jumamosi halafu unapitia kahawa na keki. Hamko familia moja. Na hata kama uko kwenye hiyo familia, kiasi kilichotumika hakihitaji mkebe wa kutoka ng'ambo. Mtu mzima anahitaji vitamini C miligramu 75 hadi 90 kwa siku. Pera moja dogo, la gramu 55, lina zaidi ya miligramu 100. Mapera manne matano na machungwa mawili, umefika Comrades. Mama mboga wa mtaani kwako ana hiyo dozi, na hatakutumia picha usiku.

Na kuna jambo ambalo kocha wa jimu hajawahi kukwambia. Dozi kubwa inaweza kukuharibia tizi yenyewe. Mwili hujengeka kwa sababu mazoezi huuchokoza: huzalisha kemikali kali ambazo ni ishara ya kuuambia mwili ujiimarishe. Ukimeza vizuia-oksidi vingi, unazima ishara. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Mjerumani Michael Ristow waliwapa vijana miligramu 1,000 za vitamini C pamoja na vitamini E kila siku huku wakifanya mazoezi. Wale wasiomeza, miili yao ilianza kuitumia insulini vizuri zaidi, faida kubwa ya mazoezi. Waliomeza, faida hiyo haikuonekana. Mwaka 2014 watafiti wa Norway wakaona vitamini C na E zikizuia baadhi ya mabadiliko ya kwenye misuli baada ya wiki 11 za mazoezi. Kwa hivyo unalipa jimu ikujenge, halafu unalipa mkebe upunguze ujenzi. Hesabu ya wapi hiyo?

Wengine tuwapitie haraka. Glutamini: jina kubwa jimu, lakini kwa homa ya wanariadha ushahidi ni hafifu. Zinki: ina kazi yake, ila ukizidisha miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu unauharibia mwili namna ya kupata shaba. Vitamini D: humfaa zaidi aliye na upungufu, na huo hupimwa kwa damu, si kwa kukisia. Bakteria rafiki, zile wanazoita probiotiki: hapa kuna ushahidi wa kiasi kwa wanariadha, lakini wa aina maalumu za bakteria kwa dozi maalumu. Mala ya dukani na mursik ya nyumbani ni chakula kizuri, kunywa ufurahi. Usimwache mtu akuuzie kama chanjo.

Sasa, ni nini hasa humlinda mtu anayejichosha? Jibu linaudhi kwa sababu halina lebo.

La kwanza ni chakula, hasa wanga. Tafiti za huyohuyo Nieman na wenzake zilionyesha kwamba mtu akipata gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa anapokimbia kwa muda mrefu, homoni za msongo kama kotisoli hupanda kidogo na misukosuko ya seli za kinga hupungua. Wanga! Kile kitu ambacho influensa amekufundisha kukiogopa. Na hapa Kenya tuna ushahidi wa nyumbani. Mwaka 2004 Vincent Onywera, Mike Boit na wenzao walichapisha utafiti kuhusu mlo wa wakimbiaji kumi wa hali ya juu wa Kenya. Asilimia 76.5 ya nguvu yao ilitoka kwa wanga: ugali, wali, viazi, mkate, maharagwe, na sukari ndani ya chai ya maziwa. Watu waliokuwa wakishinda dunia walikuwa wakinywa chai ya kawaida yenye sukari ya kawaida. Sisi tunaoshinda kufika Westlands kwa wakati tunakunywa unga wa kijani unaonuka nyasi.

La pili ni kula vya kutosha, kipindi. Tangu mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imekuwa ikionya kuhusu hali ya wanariadha wanaotumia nguvu nyingi kuliko wanayokula: mifupa hudhoofika, hedhi hukatika, homoni huvurugika, na magonjwa madogo madogo hayaishi. Hii si shida ya wanariadha tu. Iko jimu kwako. Ni yule dada anayekimbia asubuhi bila kula, anaruka chakula cha mchana kwa sababu ya "fasting", anapiga squat jioni, halafu akianza kuugua kila mwezi anauziwa tembe za kinga. Dada yangu, huna upungufu wa tembe. Una njaa.

La tatu ni usingizi. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo ningependa libandikwe kila jimu. Waliwachukua watu wazima 164 wenye afya, wakapima usingizi wao kwa wiki moja, kisha wakawatia virusi vya mafua puani kwa matone na kuwafungia hotelini. Waliolala chini ya saa sita walikuwa na uwezekano mara nne zaidi wa kushikwa na mafua kuliko waliolala zaidi ya saa saba. Mara nne. Hakuna mkebe wowote kwenye rafu unaokaribia tofauti hiyo.

Lakini usingizi hauna msambazaji. Hauna ajenti, hauna kodi ya punguzo, hauna "tumia jina langu upate asilimia kumi". Na kusema ukweli, kwa vijana wengi wa jiji hili usingizi ni ghali kuliko mkebe. Unaishi Rongai, unafanya kazi Upper Hill, unaamka saa kumi ili matatu isikushinde, unarudi saa tatu usiku, na katikati hapo unatakiwa ufanye mazoezi kwa sababu daktari alisema presha imeanza. Hapo mkebe unauza kile usichoweza kununua: mapumziko. Unakuambia unaweza kuendelea kuishi maisha yanayokuchosha na usiugue. Ndiyo maana huu si mjadala wa kemia tu. Jamii inayomchosha mtu kisha ikamuuzia dawa ya uchovu imempiga mara mbili.

Sasa nifike kwa wale niliosema wananikera roho.

Mkimbiaji wa kulipwa si kama mimi na wewe. Kwake, homa wiki moja kabla ya mbio inaweza kuwa ndiyo karo ya wadogo zake imeenda. Anaogopa kuugua kuliko sisi, na ana haki. Kwa hivyo mtu akija kambini na mkebe wa "kinga", anapata sikio. Lakini ndani ya mkebe kunaweza kuwa na kitu ambacho hakikuandikwa nje. Mwaka 2004 maabara ya Cologne, Ujerumani, ilichapisha uchunguzi wa saplimenti 634 zilizonunuliwa katika nchi 13. Hazikuwa zimeandikwa kuwa za homoni. Hata hivyo 94 kati yao, karibu asilimia 15, zilikutwa na homoni za kujenga misuli ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Uchafu wa kiwandani, mashine zisizosafishwa vizuri, au hila ya makusudi. Kwa mwanariadha matokeo ni yaleyale.

Ni yaleyale kwa sababu sheria za kupambana na pufya duniani zinasema mwanariadha ndiye mwenye dhamana ya chochote kinachopatikana mwilini mwake. Haijalishi kiliingiaje. Kwa homoni za aina hiyo, adhabu ya kawaida ni miaka minne. Anaweza kujitetea kwamba bidhaa ilichafuliwa na adhabu ikapunguzwa, lakini lazima athibitishe, na kuthibitisha ni wakili, maabara na pesa. Msichana wa miaka 21 kutoka kijiji cha Elgeyo Marakwet, ambaye mbio zake ndiyo kwanza zimeanza kulipa, atazitoa wapi?

Najua utakachosema. Wengi wanaosingizia saplimenti wamejidunga kwa kujua. Kweli. Kenya ina tatizo la pufya la kweli, na sitalifunika. Sheria ya mwaka 2016 iliunda ADAK kwa sababu mambo yalikuwa yameharibika, na mwaka 2022 tuliponea chupuchupu kufungiwa na shirikisho la riadha duniani, serikali ikaahidi dola milioni tano kila mwaka kwa miaka mitano kusafisha nyumba. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuuogopa mkebe zaidi. Kwanza, unamwangamiza asiye na hatia. Pili, unampa mwenye hatia kisingizio. Tatu, unamzoesha kijana wa miaka 17 wazo kwamba kushinda kunatoka kwenye chupa. Leo chupa ni ya vitamini, kesho anayemletea chupa ni yuleyule, na kilichomo kimebadilika.

Kuna watakaoniambia: lakini mimi nikitumia naskia fiti. Siwezi kubishana na unavyojisikia. Naweza tu kukumbusha kwamba ulianza kutumia wakati ulikuwa umechoka sana, na watu waliochoka sana, mara nyingi, hupata nafuu hata bila kitu. Pia ulianza kulala mapema wiki hiyohiyo, kwa sababu ulikuwa umeamua kujitunza. Mkebe umejichukulia sifa za mto wako.

Wengine watasema pesa ni zangu. Ni zako, kweli. Na wapo wanaohitaji saplimenti kikweli: mjamzito anayepewa madini ya chuma na foliki asidi kliniki, mkimbiaji aliyepimwa damu akakutwa na upungufu wa chuma, mtu ambaye daktari ameona tatizo na kulipa jina. Hao wana kipimo na wana kiasi. Sina neno nao. Neno langu ni kwa biashara inayoruka kipimo na kwenda moja kwa moja kwenye lipa.

Kwa hivyo ninadai mambo manne. Jimu zisimruhusu mkufunzi kuuza kitu kwa kamisheni bila kumwambia mteja kwamba anapata kamisheni. Waandaaji wa mbio wasiweke kwenye mfuko wa mshiriki pakiti yoyote ya "kinga" ambayo hawawezi kueleza ushahidi wake, maana kati ya washiriki hao kuna wanaopimwa. Kambi za riadha zisiruhusu mkebe wowote usiopimwa bechi kwa bechi na mpango huru kama Informed Sport au NSF Certified for Sport. Na hata huo, mwanariadha aelezwe kwamba hatari imepungua, haijaisha. Na mamlaka zinazosimamia dawa na viwango nchini zisome lebo kama sisi tunavyozisoma. Mtu wa kawaida akiona "immune" anaelewa "sitaugua", na kampuni inajua hivyo.

Na wewe unayesoma hii ukiwa na koo linalowasha: kunywa chai, ongeza sukari bila aibu, kula ugali ushibe, ukae mbali na watoto wa wenyewe usiwaambukize, ulale saa nane. Kesho usikimbie. Ukiona homa kali, kifua kinabana au wiki imepita bila nafuu, nenda hospitali, si kwa kocha. Na yule mtu wa mkebe akituma tena picha kwenye grupu, mwulize swali moja mbele ya wote: hii ilipimwa kwa nani, na ikazuia nini? Halafu mngoje ajibu.